Uzi: Maisha ya George Elkington, fundi wa Birmingham aliyeifanya fedha ishike kwenye madini mengine kwa umeme

#1 Mleta uzi

Wakuu salaam. Kama una kijiko au uma wa zamani, ule mzito mzito, ugeuze uangalie nyuma ya mpini. Ukikuta zimegongwa herufi EPNS basi jua hiyo siyo fedha tupu, ndani ni mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, halafu juu kuna ngozi nyembamba ya fedha iliyopandishwa kwa umeme. Na hii kazi ya kuchovya madini kwa umeme kiwandani, ukiifuatilia mpaka kwenye shina lake unafika kwa mtu mmoja wa Birmingham, Uingereza, anaitwa George Richards Elkington. Huyu mzee nimemsoma miaka mingi kwa sababu na mimi nimelishwa na kazi hiihii ya kuchovya, na inaniuma nikiona anavyoelezwa juu juu. Wengine wanampa sifa kwamba kagundua kila kitu peke yake, wengine wanasema alikuwa na hela tu za kununua akili za wenzake. Leo nataka tumpitie taratibu.

Angalizo dogo kabla hatujaendelea, humu nikisema fedha namaanisha madini. Ile ya mfukoni nitaiita hela.

Elkington kazaliwa Oktoba 1801 palepale Birmingham, mtoto wa mtengeneza miwani. Mwaka 1815 akapelekwa kujifunza kazi kwa wajomba zake waliokuwa na biashara ya vitu vya fedha, akakulia karakanani, na wajomba walipofariki biashara ikabaki mikononi mwake. Baadaye akamwingiza binamu yake Henry wakawa washirika. Kwa hiyo huyu hakuwa profesa wala tajiri aliyeshuka tu kutoka juu, alikuwa fundi aliyejua harufu ya karakana tangu utoto.

Sasa enzi hizo ukitaka kitu kionekane cha fedha bila kutumia fedha tupu, njia kubwa ilikuwa ile ya Sheffield aliyoianzisha Thomas Boulsover miaka ya 1740, unachukua bamba la fedha unalibana juu ya bamba la shaba, unapasha moto mpaka vishikane, halafu unavipitisha kwenye rola vinakuwa bati moja. Tatizo lake ni kwamba unaanza na bati, kila umbo lazima ulipate kwa kukunja na kugonga na kuunga, na kila unapokata ukingo shaba inachungulia. Kitu chenye nakshi nyingi ndo kinakutesa kabisa.

Upande wa dhahabu hali ilikuwa mbaya zaidi, tena mbaya ya kuua. Dhahabu ilikuwa inayeyushwa ndani ya zebaki inakuwa kama uji mzito, fundi anapaka ule uji kwenye kifungo au kwenye saa, halafu anaushikilia juu ya moto, zebaki inapaa kama mvuke na dhahabu inabaki. Ule mvuke anauvuta nani? Yuleyule aliyesimama pale, siku nzima, mwaka mzima. Mikono inaanza kutetemeka, fizi zinavimba, meno yanalegea, akili nayo inayumba. Elkington alikuwa anawaona watu hawa kila siku. Patenti yake ya 1836, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, ilikuwa ni ya kupaka dhahabu bila zebaki, unachemsha kifaa ndani ya maji yenye dhahabu iliyoyeyushwa na inajishika yenyewe. Umeme ulikuwa bado haujaingia hapo. Na ngozi ya dhahabu inayopatikana kwa njia hiyo ni nyembamba mno, lakini mlango ulishafunguka.

Naendelea chini.

#2 Mdau

Nipo mkuu, weka nyama. Hiyo ya zebaki nilikuwa siijui, nilidhani ni wachimbaji tu ndo inawamaliza.

#3 Mleta uzi

Ni zebaki ileile mkuu, na mwilini inafanya kazi ileile.

Haya, 1840. Umeme wa betri ulishakuwepo tangu Volta wa Italia alipounda ile rundo lake la sahani za madini mwaka 1800. Miaka mitano tu baadaye, 1805, Mtaliano mwingine anaitwa Luigi Brugnatelli alishachovya medali za fedha zikatoka na ngozi ya dhahabu kwa umeme huohuo. Kwa hiyo kama unatafuta nani wa kwanza kabisa, ni yeye, sio Elkington. Ila kazi yake haikuenea na hakuna kiwanda kilichotokana nayo.

Kikwazo kikubwa kilikuwa maji yenyewe ya kuchovyea. Ukichukua fedha ukaiyeyusha kwa asidi ya nitriki, halafu ukatumbukiza kijiko cha shaba humo, hata umeme hujawasha, fedha inaruka yenyewe kwenye shaba. Unaweza kufurahi ukadhani mambo yametiki, kumbe ile ni unga mweusi mweusi, ukipitisha kitambaa inatoka yote.

Aliyelitatua hilo alikuwa daktari wa upasuaji wa hapohapo Birmingham, John Wright. Mchana anatibu watu, jioni anahangaika na majaribio. Katika kusoma kwake akakutana na maandishi ya mkemia wa Sweden Carl Scheele, aliyeandika miaka mingi nyuma kwamba sianidi za dhahabu na fedha zinayeyuka ndani ya maji ya sianidi ya potasiamu. Wright akajaribu kuyatumia maji hayo kwenye betri. Ikashika, tena ngozi nene, nyeupe, iliyoshikamana.

Kwa nini sianidi? Kwa sababu inaikumbatia fedha kwa nguvu. Kila chembe ya fedha imeshikwa na sianidi mbili, haiachiwi hovyo kuirukia shaba, lazima umeme uivute moja moja. Ndo maana inajipanga vizuri badala ya kumwagika kama unga.

Kina Elkington wakati huo walikuwa na patenti yao wanaiandaa. Wright alipowapelekea wakaiona maana yake palepale, wakainunua, wakaiingiza ndani ya patenti yao ya Machi 1840. Tarehe hiyo ndo watu wa fani yetu wanaihesabu kama siku ya kuzaliwa kwa kazi yenyewe.

#4 Mdau mwingine

Samahani mleta uzi, sasa hapo si umejijibu mwenyewe? Mvumbuzi ni Wright, huyo Elkington ni mfanyabiashara. Daktari wa watu kafanya kazi usiku na mchana halafu jina kalibeba mwenye karakana.

#5 Mleta uzi

Nakuelewa mkuu na hilo suala linanigusa, maana Wright alifariki 1844, bado kijana, kiwanda ndo kwanza kinachanua. Jina lake kwenye vijiko halipo na mimi naona lilistahili kuwepo mahali. Ila hakuibiwa, alilipwa na makubaliano yalikuwepo. Na kuna kitu wengi hamkioni kama hamjawahi kusimama mbele ya tangi la kuchovyea.

Nitoe mfano wangu. Niliwahi kufanya kazi karakana moja ya kuchovya nikeli, tukatoa mzigo wa vipande vya mapambo ya gari, vinang'aa mpaka unaona meno yako. Wiki tatu mzigo ukarudi, nikeli inabanduka kama ganda la kitunguu. Nikakishika kipande kimoja nikakigeuza kwenye mwanga, pale palipobanduka palikuwa na alama ya kidole gumba, mistari yote ya kidole unaihesabu. Kijana mmoja alikishika kwa mkono mtupu baada ya kukiosha, basi, mafuta ya ngozi yake yale madogo yakazuia nikeli isishike. Tangu siku hiyo mimi kipande kisichopita mtihani wa maji hakiingii kwenye tangi. Unakichovya kwenye maji safi unakiinua, maji yakibaki yametanda kama shuka moja kimetakata, yakijikunjakunja na kuacha sehemu kavu rudisha ukaoshe upya.

Nimesema hivyo kwa sababu kati ya jaribio la Wright mezani kwake na vijiko elfu moja vinavyofanana kuna safari ndefu ajabu. Kuosha mafuta kwa magadi makali, kuondoa kutu kwa asidi, joto la tangi, umbali wa anodi (lile bamba la fedha linaloyeyuka tangini kulisha kazi), umeme usizidi kijiko kikaungua kikawa cheusi ukingoni, usipungue ukakesha. Halafu uwalipe watu, ununue fedha yenyewe ambayo ni ghali, na upambane na soko zima linalokwambia kazi yako ni feki. Wright asingeyaweza hayo na nafikiri mwenyewe alilijua hilo. Elkington naye asingepata sianidi bila Wright. Kwangu mimi uvumbuzi wa kiwandani ni huo wote, na kipaji cha Elkington kilikuwa kujua hasa ni kitu gani hana, halafu kumfuata aliyenacho na kumlipa.

#6 Mdau

Nondo hizi. Mtihani wa maji nauchukua. Vipi mtaji walitoa wapi?

#7 Mleta uzi

Swali zuri, maana hapo nusura wafe. Walifungua kiwanda kipya Newhall Street mwaka 1841 na hela ikawa inapotea kama maji kwenye mchanga. Majaribio mengi, mauzo kidogo. Mwaka 1842 akaingia Josiah Mason, na huyu mzee anastahili uzi wake peke yake. Alizaliwa 1795 Kidderminster, familia ya hali ya chini, utotoni aliuza keki mtaani, kusoma kwingi alijisomesha mwenyewe. Wakati anaingia kwa Elkington alikuwa ameshatajirika kwa kutengeneza nibu za kalamu za chuma. Akaleta mtaji na akaleta kichwa cha biashara, kwamba wasing'ang'anie mapambo makubwa ya kifahari tu, watengeneze na vijiko na uma, vitu ambavyo familia ya kawaida itanunua na kutumia kila siku. Baadaye hela yake hiyohiyo ilijenga nyumba ya yatima na chuo cha sayansi alichokianzisha 1875, ambacho ndo kilikuja kuzaa Chuo Kikuu cha Birmingham.

Sasa tuje kwa wale waliomfuata Elkington na vitu mkononi, hapa ndo napenda sana.

Wa kwanza Werner Siemens, huyuhuyu wa kampuni kubwa ya Siemens. Alikuwa ofisa wa jeshi Prussia (Ujerumani ya enzi hizo), akafungwa kwenye ngome ya Magdeburg kwa kushiriki kama msaidizi kwenye pambano la watu wawili, na humo kifungoni akaweka maabara ndogo akafanikiwa kuchovya dhahabu kwa umeme. Mdogo wake Wilhelm akatumwa Uingereza kuuza hiyo njia, kijana wa miaka 19, Kiingereza cha kuokoteza. Mwenyewe alikuja kulisimulia hilo Birmingham mwaka 1881 akiwa mtu mzima maarufu. Alipokuwa anazunguka London aliona bango limeandikwa 'undertaker', akalivunja neno vipande viwili kichwani akaona maana yake ni mtu anayechukua majukumu, akasema hapa ndo penyewe patachukua uvumbuzi wangu. Akaingia, akakuta ni watu wa kuzika maiti. Akatoka akaendelea kutafuta mpaka akafika Birmingham kwa Elkington, na 1843 akauza kwa pauni 1,500. Kwa ndugu hao hiyo ilikuwa hela ya kuanzia maisha. Elkington angeweza kabisa kumwambia kijana nenda zako, sisi patenti tunayo, na kweli walikuwa nayo. Akalipa.

Wa pili Alexander Parkes, huyu alikuwa ndani ya kiwanda. Alitafuta njia ya kuchovya vitu laini ambavyo si madini, maua, majani, vitu ambavyo havipitishi umeme. Anavipaka kwanza kwa fosforasi iliyoyeyushwa, halafu vikiingizwa kwenye maji yenye fedha vinapata utando mwembamba wa kupitishia umeme. Mwanamfalme Albert, mume wa Malkia Victoria, alipotembelea kiwanda alipewa utando wa buibui uliochovywa fedha. Utando wa buibui wakuu! Jamaa huyuhuyu Parkes ndo baadaye alionyesha plastiki ya kwanza duniani kwenye maonyesho ya London ya 1862.

Na hiyo fosforasi ikazaa lingine bila mtu kutarajia. Vifaa vilivyotoka tangini enzi hizo vilikuwa vyeupe vya kufifia kama maziwa, mng'ao ulipatikana kwa kusugua baadaye kwa chuma chenye uso laini na jiwe, kazi ya mikono iliyofanywa sana na wanawake na ilikula muda. Sasa fundi mmoja, William Milward, akaona kwamba kila vinapochovywa vitu vya nta vilivyopakwa ile fosforasi, vijiko vilivyoning'inia tangi hilohilo navyo vinatoka vinang'aa kuliko kawaida. Akafuatilia akagundua siyo fosforasi, ni kile kimiminika kilichoyeyushia fosforasi, salfidi ya kaboni. Matone machache tu kwenye tangi zima. Ikapatiwa patenti 1847. Ukiona leo kuna dawa ya kung'arisha inatiwa kwenye tangi, ukoo wake unaanzia hapo. Fundi alikuwa anatazama kazi yake, basi.

#8 Mdau

Mkuu kwenye umeme, walitumia betri tu? Na kijiko kimoja kinakula umeme kiasi gani?

#9 Mleta uzi

Mwanzo betri, na zilikuwa mateso, zinakula zinki, zinanguvu asubuhi jioni zimechoka. Mwaka 1831 Faraday alishaonyesha kwamba ukizungusha koili ya waya mbele ya sumaku unapata umeme. Kijana wa Birmingham, John Stephen Woolrich, akachukua wazo hilo akachora mashine ya kuchovyea, ikaundwa Februari 1844 ikatumika kwa Elkington. Sumaku kubwa za umbo la kiatu cha farasi, koili zinazunguka katikati. Hiyo ndo jenereta ya zamani zaidi inayojulikana kufanya kazi ya kiwandani. Taa za umeme majumbani bado kabisa, reli zenyewe changa, na tayari kuna vijiko vinachovywa kwa jenereta. Woolrich naye alifariki 1850, ana miaka 30 hivi.

Hesabu ni nyepesi. Ampea moja ikipita saa moja inaweka gramu 4 za fedha, haijalishi tangi kubwa au dogo. Kijiko kikubwa cha mezani ukichukua pande zote mbili kina kama sentimita za mraba 100, kwa hiyo hizo gramu 4 zikitanda sawasawa ni unene kama nusu ya unywele. Ni kidogo lakini kwa kijiko ni ngozi nzuri kabisa. Unaona sasa kwa nini watu wa Sheffield walichukia. Walimpinga sana, wakasema haitadumu, ila kila bwana alipoona birika lenye nakshi limefunikwa fedha kila kona bila shaba kuchungulia, akageukia huku. Miaka ya 1850 ile njia ya zamani ilishakuwa inazikwa. Na Elkington hakubana, alikuwa anatoa leseni kwa viwanda vingine vinalipia. Kule Ufaransa Charles Christofle alichukua haki hizo 1842 akajenga himaya yake.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba mwaka huohuo 1842 Chuo cha Sayansi cha Paris kilimtunuku Elkington, pamoja na de la Rive wa Uswisi na Ruolz wa Ufaransa, kwenye tuzo ya kuzifanya kazi zenye madhara ziwe salama. Walimtazama yule fundi wa zebaki anayetetemeka. Tusidanganyane, sianidi nayo si rafiki, ikikutana na asidi inatoa gesi ya kuua dakika chache, na yeyote anayesoma hapa akitamani kujaribu nyumbani namwomba kwa dhati asijaribu. Tofauti ni kwamba zebaki ilikuwa lazima uivute ndo kazi iishe, sianidi ukifuata utaratibu inabaki tangini.

#10 Mdau wa #4

Hapo nimekuelewa mkuu. Alimalizikia wapi?

#11 Mleta uzi

Henry binamu yake alifariki 1852. George akaendelea, kiwanda kikawa kinatengeneza mpaka nakala za vyombo maarufu vya makumbusho kwa umeme, nakala inayoshika hata mkwaruzo wa kile cha asili. Lile sinia wanalonyanyua mabingwa wanawake wa tenisi Wimbledon limetengenezwa na Elkington mwaka 1864, ni nakala ya sinia la zamani lililopo makumbusho ya Louvre, Paris. Vijiko na uma vya meli ya Titanic navyo vilitoka kwao.

Akaingia na kwenye kuyeyusha shaba kule Pembrey, Wales, akajengea wafanyakazi nyumba na shule. Akafariki Septemba 1865. Mwaka huohuo James Elkington wa familia hiyohiyo akapata patenti ya kusafisha shaba kwa umeme, yaani lile tangi la vijiko limegeuzwa, badala ya kufunika unasafisha, shaba chafu anodi, shaba safi inajenga upande wa pili, na uchafu unazama chini ukiwa na fedha na dhahabu ndani yake. Mwaka 1869 wakaanza kufanya hivyo Pembrey kibiashara. Waya wa shaba unaoleta umeme kwenye simu unayosomea uzi huu umesafishwa kwa njia hiyo.

Jengo la Newhall Street likaja kuwa makumbusho ya sayansi mwaka 1951, na mashine ya Woolrich sasa ipo makumbusho ya Thinktank hapohapo Birmingham.

#12 Mdau wa #2

Nimeenda kuangalia kabatini kweli nimekikuta kimoja, EPNS. Ila mgongoni pale chini pana doa la njano njano halitoki hata nikisugua. Ni uchafu?

#13 Mleta uzi

Usisugue tena mkuu, unazidi kuimaliza. Hapo ndipo kijiko kinapokalia mezani, fedha huwa inaisha hapo kabla ya kwingine, na unachokiona ni ile shaba, zinki na nikeli ya ndani. Viwanda vizuri vilikuwa vinaongeza fedha zaidi sehemu hiyohiyo kwa sababu walijua. Mpelekee mtu anayechovya fedha, ataondoa ngozi iliyobaki, atakisawazisha, atakiosha, halafu kinarudi tangini. Mwambie tu afanye mtihani wa maji mbele yako.